Jinsi ya kukokotoa matandazo yanayotosha tuta la bustani

Hesabu nzima inakaa kwenye mstari mmoja: lita 10 za matandazo zikisambazwa juu ya mita 1 ya mraba zinatoa unene wa sentimita 1. Ukitaka sentimita 5, ni lita 50 kwa kila mita ya mraba. Ukitaka 8, ni lita 80. Aliyewahi kusoma kipimamvua ataitambua mara moja, kwa sababu milimita 1 ya mvua nayo ni lita 1 kwa mita ya mraba. Hapa tunafanya jambo lilelile kwa nyasi kavu, magome au vibanzi vya miti.

Kwa hiyo kanuni ya kuandika kwenye kikaratasi ni hii:

mita za mraba × sentimita za unene × 10 = lita

Kama ingekuwa ni kuzidisha tu, tungeishia hapa. Kinachowapotosha wengi ni kwamba wanapima urefu na upana wa tuta kwa makini, wanarudia mara mbili, kisha unene wanaukisia kwa jicho. Wangefanya kinyume chake wangekaribia zaidi ukweli. Chukua tuta la mstatili lenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.2. Eneo lake ni mita za mraba 7.2, na kwa unene wa sentimita 5 linahitaji lita 360. Tuseme tepu ililegea, ukasoma mita 6.1 badala ya 6. Hesabu inapanda hadi lita 366, tofauti isiyojaza hata nusu ya ndoo. Lakini ukitandaza sentimita 6 mahali pa 5, umeongeza lita 72 kwa mkupuo mmoja. Sentimita moja tu, ambayo jicho la mtu aliyesimama wima haliioni kabisa.

Ndiyo maana tunaanza na unene, tepu baadaye.

## Hatua ya 1: Amua unene kulingana na unachotandaza

Hakuna unene mmoja unaofaa kila kitu. Kinachoamua ni ukubwa wa vipande. Vipande vikubwa vinaacha mianya, mwanga unapenya, na magugu yanaufuata mwanga huo. Hivyo vinahitaji safu nene. Vipande vidogo hushikana haraka, na safu yake ikizidi inazuia hewa na maji kufika kwenye udongo. Vipimo vinavyofanya kazi kwa kawaida ni hivi:

- Vibanzi vya miti na magome makubwa: sentimita 7 hadi 10.
- Magome yaliyosagwa au vibanzi vidogo: sentimita 5 hadi 7.
- Mboji iliyoiva: sentimita 3 hadi 5. Zaidi ya hapo unajenga tuta jipya juu ya tuta.
- Unga wa mbao: sentimita 2 hadi 3, si zaidi. Ukirundikana unaganda juu na maji yanateleza pembeni.
- Nyasi kavu, mabua na makapi marefu: sentimita 10 hadi 15 wakati wa kutandaza. Zitaketi zenyewe hadi karibu nusu.
- Majani makavu ya miti: sentimita 8 hadi 10 yakiwa yamekatwakatwa. Majani mapana yakiwekwa mazima, yakilowa hushikamana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa, na mvua nyepesi haipiti.
- Nyasi mbichi zilizofyekwa: sentimita 2 kwa wakati, zikauke, ndipo uongeze nyingine. Rundo nene la nyasi mbichi linapata joto, linateleza na kunuka.
- Kokoto: sentimita 4 hadi 5.

Unaona jinsi neno "matandazo" lisivyotosha kumwambia muuzaji? Tuta lilelile la mita za mraba 7.2 linameza lita 180 za unga wa mbao kwa sentimita 2.5, na lita 720 za vibanzi vikubwa kwa sentimita 10. Mara nne. Basi chagua kwanza unachoweza kukipata kwa urahisi, kisha hesabu.

Halafu jiulize kazi yenyewe ni nini. Kama magugu ndiyo adui mkuu, kaa upande wa juu wa vipimo hivyo. Kama udongo ni mzito na hukaa na maji muda mrefu, kaa upande wa chini, maana unyevu utafungiwa ndani. Penye mvua chache na nyepesi kuna mtego mwingine: mvua ya milimita 3 inaleta lita 3 tu kwa mita ya mraba, na safu nene kavu inaweza kuzinywa zote kabla tone halijagusa udongo. Mtu anaona matandazo yameloa, anaridhika, na huku chini mizizi ina kiu.

## Hatua ya 2: Pima eneo

Tepu, kamba, vijiti vichache na kalamu vinatosha. Pima kwa mita na andika kwa desimali, yaani sentimita 120 iandikwe 1.2. Makosa mengi ya hesabu yanatokana na kuchanganya mita na sentimita katika upande wa eneo. Kanuni yetu inataka eneo kwa mita, unene kwa sentimita.

Mstatili: urefu mara upana. Tuta lililozungushiwa mbao au matofali lipime kwa ndani. Unene wa kingo pande zote mbili unaweza kula sentimita 10 za upana, na kwenye tuta jembamba hiyo si kidogo.

Duara: pima kutoka katikati hadi ukingoni, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 3.14. Duara lenye nusu kipenyo cha mita 1.5 lina mita za mraba 7.07.

Yai au duara lililobonyea: urefu mrefu zaidi mara upana mpana zaidi, kisha mara 0.8. Jibu linazidi kidogo tu, na ziada hiyo haidhuru.

Pembetatu: upande mmoja mara kimo chake, gawanya kwa 2. Kimo kipimwe kwa pembe mraba kutoka upande huo hadi ncha ya mbali. Wengi hupima ule upande wa mshazari kwa sababu ndio unaofikika.

Tuta lililopindapinda: hapa ndipo watu huchoka na kusema "weka kama mita kumi hivi". Hakuna haja. Laza kamba katikati ya tuta ikifuata mkunjo wake, kutoka ncha hadi ncha. Igawe kamba hiyo vipande vya mita 1 na usimike kijiti katikati ya kila kipande: kwenye nusu mita, mita 1.5, mita 2.5 na kuendelea. Kwenye kila kijiti pima upana wa tuta, ukikata kamba moja kwa moja. Jumlisha upana wote. Jumla hiyo ndiyo eneo kwa mita za mraba, kwa sababu kila upana unawakilisha kipande cha urefu wa mita moja. Ikiwa tuta ni dogo au lina kona nyingi, weka vijiti kila nusu mita, jumlisha, kisha gawanya kwa 2.

Mfano wa kweli wa namba: tuta ambalo kamba yake ya katikati ina mita 5 limetoa upana wa 0.9, 1.6, 1.4, 1.7 na 0.8. Jumla ni 6.4. Eneo ni mita za mraba 6.4. Tutalirudia tuta hili.

Mistari badala ya tuta zima: unapofunika ukanda tu kando ya kila mstari wa mimea, zidisha idadi ya mistari, urefu wa mstari na upana wa ukanda. Mistari 8 yenye urefu wa mita 10, kila mmoja ukiwa na ukanda wa sentimita 40, ni 8 × 10 × 0.4, sawa na mita za mraba 32. Kwa unene wa sentimita 6 hizo ni lita 1,920, yaani karibu mita 2 za ujazo. Mtu akiona mistari ileile kwa macho angesema gunia tano zitatosha.

Mteremko usikusumbue: pima ukiilaza tepu juu ya udongo wenyewe, usiinyooshe hewani.

## Hatua ya 3: Ondoa kisichofunikwa na kilichokwisha kuwepo

Matandazo hayagusi shina. Yakiegemea gome yanalilowesha muda wote, gome linaoza, na wadudu na panya wanapata maficho. Kwa mboga na maua acha sentimita 5 wazi kuzunguka shina. Kwa vichaka na miti acha 10 hadi 15. Ule mtindo wa kurundika matandazo kama kichuguu kwenye shina la mti, hata kama unaonekana nadhifu, unauumiza mti na unapoteza mali.

Je, nafasi hizo uzitoe kwenye hesabu? Inategemea. Miche midogo iliyotawanyika isahau. Nafasi zake zinafidia upotevu wa kawaida. Vichaka vyenye mashina mengi na miti, ndiyo, toa. Duara tupu lenye kipenyo cha sentimita 40 ni mita za mraba 0.13, na vichaka vitatu vya namna hiyo vinatoa karibu 0.4. Tuta letu la 6.4 sasa limebaki 6.0.

Mti uliosimama peke yake unahesabiwa kama pete: duara kubwa ukitoa duara dogo. Pete inayofika mita 1 kutoka katikati ya shina, ikiacha wazi sentimita 25 za mwanzo, ni 3.14 ukitoa 0.2, yaani mita za mraba 2.94. Kwa sentimita 8 ni kama lita 235.

Sasa kilichopo. Tuta lililotandazwa msimu uliopita halihitaji safu mpya nzima, na kosa la kuongeza unene uleule kila mwaka ndilo linalofanya matuta mengine yawe na sentimita 20 za matandazo bila mwenyewe kujua. Chukua kijiti chembamba, kichome polepole hadi uhisi kinagota udongo ulioshikana, weka kidole usawa wa uso wa matandazo, kichomoe upime. Safu ya chini kabisa, ile iliyokwisha kuwa nyeusi na laini kiasi cha kutotambulika kama vibanzi, usiihesabu. Hiyo tayari ni udongo. Hesabu vipande ambavyo bado vina umbo.

Fanya hivyo sehemu tano: kila pembe na katikati. Kwenye tuta letu vipimo vimekuja 3, 2, 4, 1 na 2. Wastani ni 2.4. Tunataka sentimita 7 za vibanzi, kwa hiyo zinahitajika 4.6, tuziite 5. Kuongeza hadi 5 ni uamuzi wangu, kwa sababu ile sehemu yenye sentimita 1 ndiyo magugu yatakapoanzia.

Kama safu ya zamani imeganda juu, ivuruge kwa reki kwanza ndipo upime. Baada ya kuvurugwa inaweza kuinuka sentimita nzima.

## Hatua ya 4: Zidisha, kisha ongeza kidogo

Mita za mraba 6.0 × sentimita 5 × 10 = lita 300.

Ongeza asilimia 10 kwa vibanzi na magome, kwa sababu yataketi baada ya mvua au umwagiliaji wa kwanza, na udongo nao hauko tambarare kama ulivyoudhania. Lita 300 zinakuwa 330. Mboji iliyoiva vizuri na kokoto huketi kidogo sana. Kwa hizo asilimia 5 inatosha. Nyasi kavu na mabua usiyaongezee kitu ikiwa umetumia vipimo vya hatua ya 1, kwa sababu ule unene wa 10 hadi 15 tayari umebeba kuketi kwake. Kuongeza mara mbili ni kosa la kawaida.

Wenye kiasi kikubwa wanaweza kutumia mita za ujazo: gawanya lita kwa 1,000. Mita 1 ya ujazo inafunika mita za mraba 20 kwa sentimita 5, au mita za mraba 10 kwa sentimita 10. Ukizikariri mbili hizo, nyingine zote utazipata kichwani.

## Hatua ya 5: Badili lita ziwe vipimo vya anayekuuzia

Mifuko iliyoandikwa lita ni rahisi. Lita 330 kwa mifuko ya lita 50 ni 6.6, basi unanunua 7. Zingatia tu kwamba lita zilizoandikwa hupimwa mfuko unapojazwa. Ukikaa chini ya mifuko mingine mingi hubanwa. Ufungue, uuvuruge, na ujazo mwingi utarudi.

Baadhi ya mifuko, hasa inayotoka Marekani, imeandikwa kwa futi za ujazo. Futi 1 ya ujazo ni lita 28.3, kwa hiyo mfuko wa futi 2 ni karibu lita 57. Yadi ya ujazo ni futi 27 za ujazo, au lita 765. Aliyepima bustani kwa futi azidishe futi za mraba kwa inchi za unene, agawanye kwa 12. Jibu ni futi za ujazo. Tuta la futi 10 kwa 12 lenye inchi 3 ni 120 × 3 ÷ 12 = futi 30 za ujazo, kama lita 850. Usichanganye mifumo miwili katika hesabu moja. Maliza upande mmoja, kisha badili mwishoni.

Magunia yasiyo na kipimo yana mambo yake. Gunia moja linaweza kujazwa pomoni na kushindiliwa kwa mguu, jingine likafungwa likiwa robo tatu. Mwaga moja chini, lipime kwa ndoo ya lita 20 bila kushindilia, uhesabu ndoo. Toroli nalo lipime vivyo hivyo, mara moja tu: lijaze kwa ndoo hadi kiwango unachokisukuma bila kumwaga njiani, na uandike lita zake ubavuni kwa rangi. Hutapima tena.

Ukiuziwa kwa kilo, kuwa mwangalifu. Matandazo yaleyale yakiloa yanaongezeka uzito sana huku ujazo ukibaki karibu palepale, na tuta linahitaji ujazo. Jaza ndoo ya lita 20, ipime kwenye mizani, toa uzito wa ndoo tupu. Kama zimebaki kilo 6, basi lita 330 ni kilo 99. Fanya kipimo hicho na shehena ileile unayoinunua, siku hiyohiyo, maana ya wiki ijayo yanaweza kuwa yamenyeshewa.

Gari la mizigo: urefu wa bodi mara upana mara kimo cha mzigo, vyote kwa mita. Bodi ya 1.8 kwa 1.2 iliyojazwa nusu mita ni mita za ujazo 1.08. Pima kimo mzigo unapofika, maana safari huushindilia, na usawazishe juu kabla ya kupima ikiwa katikati kumeinuka.

Na rundo lililomwagwa chini? Hilo nalo linapimika. Zungusha kamba chini kabisa ya rundo upate mzingo, simika fimbo upate kimo. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa kimo, gawanya kwa 38. Rundo lenye mzingo wa mita 6 na kimo cha sentimita 80 ni 6 × 6 × 0.8 ÷ 38, karibu mita za ujazo 0.76, au lita 760. Kanuni hii inadhani rundo lina umbo la pia, pana chini na lenye ncha juu. Likiwa limebapa juu, lina zaidi kidogo ya hesabu.

## Hatua ya 6: Jaribu mita moja ya mraba

Kwa vibanzi na magome hatua hii si ya lazima. Kwa nyasi, mabua na majani naiona ndiyo hesabu yenyewe, na ile ya karatasini ni makadirio tu. Nyasi zilizofungwa kwa mashine zikifunguliwa hufumuka mara kadhaa. Urefu wa nyasi, ukavu wake na mkono wa anayezitikisa vyote vinabadilisha ujazo. Hakuna jedwali litakalokuambia ukweli kuhusu furushi lililo mbele yako.

Funga vijiti vinne kwa kamba upate mraba wa mita 1 kwa mita 1 juu ya tuta lenyewe. Hesabu ndoo au mafungu ya mikono miwili unayotandaza humo hadi udongo usionekane ukitazama kutoka juu. Sasa piga magoti. Penyeza vidole wima katikati ya nyasi hadi viguse udongo, na utazame unapofika: ukishika pingili ya pili ya kidole cha kati, hapo ni kama sentimita 5 kwa mikono ya watu wazima wengi, ila pima wako kwa rula mara moja ujue. Kwa nyasi kavu, zenye sentimita 10 hadi 15, unataka vidole vizame vyote na sehemu ya kiganja. Mwagia maji kidogo, ongoja kesho, pima tena. Unene wa kesho ndio unaohesabika.

Ikiwa mita hiyo moja ilikula ndoo 6, na tuta lina mita za mraba 6, unahitaji ndoo 36. Hakuna kanuni inayozidi hiyo kwa usahihi.

## Hatua ya 7: Tandaza bila kuharibu hesabu

Ng'oa magugu kwanza, hasa yenye mizizi ya kutambaa. Matandazo hayayaui, yanayafunika tu kwa muda. Mwagilia udongo uloe, kwa sababu udongo mkavu ukifunikwa unabaki mkavu. Mbegu ulizopanda moja kwa moja zisubiri: funika kati ya mistari tu hadi miche ifikie kama sentimita 10.

Kisha gawanya kabla ya kumwaga. Huu ndio ujanja unaookoa matandazo kuliko mwingine wowote. Kama una toroli 5 kwa tuta la mita 5, mwaga toroli moja kila mita, ndipo ushike reki. Anayeanza upande mmoja akitandaza hadi mwisho huweka sentimita 9 mwanzoni akiwa na nguvu na mali nyingi, na 3 mwishoni. Jumla inakuwa sahihi na tuta zima linakuwa kosa.

Kwenye ukingo wa mbao au matofali, acha matandazo yawe chini ya ukingo kwa sentimita 2, la sivyo mvua ya kwanza itayashusha njiani. Chimba ukingo wa ndani kidogo kama tuta limejaa udongo hadi juu.

Vibanzi vya miti vibaki juu. Vikichanganywa na udongo, vijidudu vinavyovivunja huchukua naitrojeni ambayo mimea ingeitumia, na majani yanaanza kuwa ya njano. Vikiwa juu, jambo hilo linaishia kwenye tabaka jembamba la usoni. Hivyo unapopanda mche mpya, sogeza matandazo pembeni, chimba, panda, rudisha.

Angalia pia asili ya unachotandaza. Nyasi zilizofyekwa zikiwa na mbegu ni kupanda magugu kwa mikono yako. Nyasi au mabua kutoka shamba lililopuliziwa dawa ya magugu yanaweza kubeba dawa hiyo hadi kwenye mboga zako, na baadhi ya dawa hizo hudumu muda mrefu. Uliza kabla ya kupakia.

## Yakipungua

Usiyanyunyize tuta zima yapate sentimita 2 kila mahali. Safu nyembamba ya vibanzi haizuii magugu, na magugu yakishapenya, kuyang'oa katikati ya vibanzi ni kazi kubwa kuliko kwenye udongo mtupu. Geuza kanuni: gawanya lita ulizo nazo kwa unene mara 10. Una lita 400 na unataka sentimita 8? 400 ÷ 80 ni mita za mraba 5. Funika hizo 5 kikamilifu, ukianzia karibu na mimea inayokauka upesi, na sehemu iliyobaki ipalilie kawaida hadi upate mengine.

Njia nyingine ni kutandika maboksi chini. Bandua gundi na utepe wa plastiki, yapishanishe kwa sentimita 15 ili magugu yasipate mwanya, yaloweshe kabisa, kisha weka sentimita 5 za vibanzi badala ya 8 au 10. Kwenye tuta la mita za mraba 6 hilo linakupunguzia kati ya lita 180 na lita 300. Siyapendi maboksi kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, lakini kwenye kipande kipya chenye magugu mengi yanasaidia sana.

## Yakizidi

Sogeza rundo mahali penye kivuli, juu ya udongo na mbali na ukuta wa nyumba, usilifunike kwa plastiki mpaka chini. Mifuko iliyofunguliwa iache wazi. Vibanzi na magome mabichi yaliyofungiwa yakiwa yameloa huchacha kwa kukosa hewa, na yakitandazwa katika hali hiyo yanaweza kuunguza majani ya mimea michanga ndani ya siku moja. Pua itakuambia: harufu ya kawaida ni ya mbao au udongo, iliyochacha ni ya siki au yai viza. Ukiisikia, yatawanye kwa unene mdogo mahali penye hewa, yageuze na uyamwagie maji, na usiyapeleke tutani hadi harufu iishe.